Siku ya Kujiachia na Hesabu ya Kupunguza Mwili

Katika miji yetu ya pwani na ya bara imeenea desturi miongoni mwa watu wanaopunguza mwili, nayo ni kuteua siku moja ya juma ambayo masharti yote ya chakula huondolewa. Siku sita mtu hula kwa kiasi: ugali usiozidi ngumi, mchicha, samaki wa kuchoma, chai isiyo na sukari, tunda badala ya andazi. Siku ya saba, ambayo kwa wengi huwa Ijumaa au Jumapili, hula anachokitaka na kadiri anayoitaka, tangu staftahi hata usiku wa manane, akiwa amekwisha kuahidiana na nafsi yake kwamba alfajiri ya siku inayofuata atarejea katika utaratibu wake. Wenyewe huiita siku ya kujiachia. Wako wanaoisifu kuwa ndiyo iliyowawezesha kudumu, na wako wanaoilaumu kuwa ndiyo iliyowarudisha walikotoka. Na kwa kuwa kila upande una mashahidi wake, na jambo lenyewe linagusa siha ya umma, yafaa litazamwe kwa utulivu, ili ijulikane ni lipi ndani yake lenye haki na ni lipi lenye ghururi.

Kwa sura iliyo nayo leo, siku hii imetoka Marekani. Mwaka 1999 Bill Phillips alitoa kitabu kiitwacho Body for Life, ambamo msomaji aliruhusiwa siku moja huru katika kila juma. Na mwaka 2010 Timothy Ferriss, katika kitabu chake The 4-Hour Body, alikwenda mbali zaidi, akamtaka msomaji ale bila kikomo siku moja ya juma, akipendekeza iwe Jumamosi. Kutoka vitabuni wazo likaingia katika vyumba vya mazoezi na katika simu za mkononi, na kwa njia hiyo likatufikia. Lakini kuweka mapumziko katikati ya kujinyima hakukuanza Marekani wala katika zama hizi. Katika Kanisa la Magharibi, tangu Jumatano ya Majivu hata Jumamosi Kuu ni siku 46, ilhali Kwaresima huhesabiwa siku 40, kwa sababu Jumapili 6 zilizomo hazihesabiwi kuwa siku za kufunga. Kwa Waislamu saumu ya Ramadhani hufunguliwa kila magharibi, na siku ya Idi kufunga ni haramu. Waliozirithi sheria hizo walijua kwamba mwanadamu hawezi kuvumilia dhiki isiyo na mwisho unaoonekana, na kwamba faraja ikiwekwa mahali pake huitegemeza subira. Walakini faraja hiyo haikuwa kamwe idhini ya israfu: Waislamu hao hao wamefundishwa kuligawa tumbo theluthi tatu, moja ya chakula, moja ya kinywaji na moja ya pumzi. Tofauti iliyopo baina ya faraja na israfu ndiyo msingi wa maneno yote yafuatayo.

Wala hili si jambo la urembo. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia, na kwa wanawake peke yao idadi ilipita 38. Tanzania, uchunguzi wa afya wa mwaka 2004–05 uliwakuta wanawake 18 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakiwa na uzito uliozidi. Ule wa 2015–16 ukawakuta 28. Nyuma ya nambari hizo kuna ugonjwa wa sukari, kuna shinikizo la damu, kuna viharusi, kuna magoti yasiyoweza kupanda ngazi ya nyumba ya ghorofa. Na habari njema ni kwamba mtu mnene hana haja ya kuwa mwembamba ili apate nafuu. Akipunguza sehemu 5 hadi 10 tu katika kila 100 za uzito wake, sukari na shinikizo huanza kushuka. Kwa hiyo swali la nini kinachomwezesha mtu kudumu katika kula kwa kiasi, si kwa mwezi mmoja bali kwa miaka, ni swali lenye uzito kama la dawa.

Kabla ya kuihukumu siku ya kujiachia, ni wajibu kwanza kuelewa njaa inavyomtenda mtu, na hapa hakuna ushahidi ulio wazi kuliko ule wa Minnesota. Mwezi wa Novemba 1944, vita vya pili vya dunia vikielekea ukingoni, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana 36 waliokataa kwa imani zao kubeba silaha, wakajitolea kushindishwa na njaa ili madaktari wajue namna ya kuwahudumia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa kwa ukosefu wa chakula. Kwa muda wa majuma 24 walipewa kama kalori 1,570 kwa siku, karibu nusu ya walichokuwa wakila kwanza, katika viazi, mkate na makaroni. Na huku wakilazimika kutembea kilomita nyingi kila juma, walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini yaliyompata kila mmoja wao moyoni yalikuwa makubwa kuliko yaliyompata mwilini. Watu waliokuwa na hamu ya siasa, ya dini na ya mapenzi waliacha yote hayo wakawa hawana fikira ila chakula. Wakasoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wasomavyo hadithi. Wakakaa na sahani moja kwa muda mrefu wakiilamba. Wakawa wakali, wenye huzuni, wasiopenda mazungumzo. Na walipofunguliwa wale wapendavyo, baadhi yao walikula maelfu kwa maelfu ya kalori kwa siku wasishibe, na mafuta yakawarudia mwilini kupita yalivyokuwa mwanzo. Keys aliyaeleza hayo katika kitabu kikubwa cha majalada mawili kilichotoka mwaka 1950.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu ratiba nyingi za kupunguza mwili zinazopita mikononi mwa dada zetu huagiza kalori 1,200 kwa siku. Ni kweli kwamba vijana wa Minnesota walikuwa wanaume wenye kutembea sana na mahitaji yao yalikuwa makubwa kuliko ya mwanamke akaaye ofisini. Lakini yeyote mwenye kuona ajabu kwamba siku yake ya sita hawazi kitu ila chapati, na siku ya saba mkono haumsikilizi, na aelewe kwamba si upungufu wa imani uliomshika. Mwili umeona chakula kimepungua, nao unafanya kazi uliyoumbiwa, ya kumsukuma mwenyewe akitafute. Katika hali hiyo siku ya kujiachia si mapumziko ya mpango. Ni bwawa lililovunja kingo zake, nayo imepewa jina la mpango ili mwenyewe asione haya. Dawa ya hali hiyo haimo katika siku ya saba hata kidogo. Imo katika kuzilegeza zile sita.

Wapo wanaoitetea siku hii kwa hoja ya kitabibu, wakidai kwamba mwili uliozoea chakula kidogo hupunguza moto wake, na kwamba karamu ya siku moja huuchochea upya. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, waligundua homoni iitwayo leptini, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili ikaupelekea ubongo habari ya akiba iliyopo. Mtu akipunguza chakula leptini hushuka, njaa huzidi, na mwili huanza kubana matumizi. Tena ni kweli kwamba kula wanga kwa wingi hupandisha leptini: katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2000, wanawake wenye afya walilishwa wanga kwa siku 3 kupita mahitaji yao kwa sehemu 40 katika kila 100, leptini yao ikapanda kwa sehemu 28, na moto wa miili yao ukapanda kwa sehemu 7. Lakini msomaji aziweke nambari hizo mbili za 40 na 7 pamoja. Walioingiza 40 waliunguza 7 zaidi. Hiyo iliyosalia ilikwenda ghalani. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye angeiita hiyo faida.

Kinachoweza kusaidia mwili ni mapumziko marefu yenye kiasi, na mfano wake ulitoka Australia. Nuala Byrne na wenzake waliwachukua wanaume 51 wenye unene, wakawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipunguziwa theluthi ya chakula kwa majuma 16 mfululizo, na la pili kwa majuma 16 yale yale ila kwa vipindi, majuma mawili ya kujinyima kisha majuma mawili ya kula kadiri ya mahitaji. Wa kundi la pili walipoteza kama kilo 14, wa kwanza kama kilo 9. Majaribio mengine yaliyofuata hayakuonyesha tofauti kubwa namna hiyo, kwa hiyo haifai kulijenga jengo zima juu ya nguzo hii moja. Lakini hata tukilikubali jaribio hili la Australia, wanaume wale hawakupewa karamu katika mapumziko yao. Walipewa chakula cha kuwadumisha pale walipo, wasipande wasishuke. Anayelitaja jaribio hilo ili ahalalishe siku ya biriani, sambusa na chipsi kwa pamoja, amelisoma nusu.

Nguvu ya siku ya kujiachia, kama inayo, imo katika moyo, na huko ndiko ninakoona haki yake. Mwaka 1975 Peter Herman na mwenzake Mack waliwaita wanafunzi wa kike wa chuo kikuu, wakawaambia kuwa wanataka maoni yao juu ya ladha. Baadhi walipewa kwanza kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, wengine hawakupewa. Kisha wote wakawekewa aiskrimu wale wapendavyo. Wale wasio na desturi ya kujinyima walifanya jambo la kawaida: waliokwisha kunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo. Lakini wale wenye kujinyima siku zote walifanya kinyume. Waliokwisha kunywa maziwa ndio waliokula aiskrimu zaidi. Kizuizi kilikuwa kimekwisha kuvunjika, na baada ya hapo hawakuona sababu ya kusimama. Sisi tunalijua neno la hali hiyo, kwani tumelisikia mara nyingi katika nyumba zetu: leo nishaharibu, acha niharibu kabisa, nitaanza Jumatatu. Andazi moja lisilotarajiwa, lililotolewa na mwenyeji kwa mapenzi, huzaa siku nne za kula ovyo, si kwa sababu ya kalori zake, bali kwa sababu mwenye kulila amejihesabu kuwa ameanguka.

Hapa ndipo mpango unapofaa. Jambo lililoandikwa mapema katika utaratibu haliwezi kuwa anguko. Mwaka 2016 Rita Coelho do Vale wa Lisbon, pamoja na wenzake wa Tilburg katika Uholanzi, waliwajaribu watu kwa majuma mawili: kundi moja lilikula kalori 1,500 kila siku, na jingine lilikula 1,300 kwa siku sita na 2,700 siku ya saba. Ukijumlisha utaona kuwa kila kundi lilikula 10,500 kwa juma. Uzito uliopungua ulikuwa sawasawa. Lakini waliokuwa na siku ya saba walibaki na ari zaidi ya kuendelea, na furaha yao ilikuwa imara. Jaribio lilikuwa dogo na la muda mfupi, nami siwezi kulifanya sheria. Hata hivyo linaafikiana na yale yanayoonekana majumbani, na lina jambo moja ambalo wapenda kujiachia hulipita haraka: ile siku ya saba ilikuwa na ukingo, na gharama yake ilikuwa imelipwa kabla katika siku sita zilizotangulia.

Tuitazame sasa siku isiyo na ukingo, katika Ijumaa ya mji wa pwani. Asubuhi ni mahamri manne na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye sukari. Hamri moja lililotoka mafutani lina kalori 150 hadi 200, na mbaazi zilizokolea tui zima haziko mbali na 400, basi kabla jua halijapanda mtu amekwisha kula zaidi ya 1,000. Adhuhuri, watu wakirudi kutoka msikitini, harufu ya biriani imejaa kichochoro chote. Nyama imelazwa usiku katika maziwa lala, tangawizi na papai bichi. Vitunguu vimekaangwa hata vikawa rangi ya dhahabu, kisha vikasagwa na kurudishwa katika rojo. Viazi vimekaangwa peke yake. Wali umetiwa zafarani na kumiminiwa samli ya moto. Chakula hiki ni fahari ya wapishi wetu, wala sitalisema neno baya juu yake. Lakini wali mtupu uliopikwa una kama kalori 130 katika gramu 100, na kila kijiko kikubwa cha samli au mafuta huongeza kama 120. Sahani iliyojazwa, kwa nyama na rojo lake, haishuki chini ya 1,200. Juu yake kuna soda, na chupa moja ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na ushei, ilhali Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2015 kwamba mtu asipite sana gramu 25 kwa siku akiweza. Alasiri ni viazi karai na sambusa za barabarani. Usiku chipsi na kuku. Na kabla ya kulala kipande cha halua na kahawa. Siku hiyo haioni taabu kufika kalori 4,500.

Tuseme mwanamke huyo mahitaji yake ya kila siku ni kalori 2,000, naye siku sita amekula 1,500. Amejiwekea 500 kila siku, jumla 3,000. Ijumaa hii imekula 2,500 juu ya mahitaji yake. Akiba iliyosalia ni 500, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, atakuwa amepunguza gramu 65 tu kwa juma zima la kujinyima, uzito usioonekana katika mizani yoyote ya duka la dawa. Lau angekula ile sahani ya biriani peke yake, kwa nafasi yake na kwa raha yake, na chakula chake cha asubuhi na cha usiku kikabaki cha kawaida, siku ingekuwa kama kalori 2,500. Akiba ingesalia 2,500, nazo ni karibu gramu 325. Tofauti ya kilo moja kwa mwezi imetoka katika mahamri, soda, sambusa, chipsi na halua, vitu ambavyo pengine hakuwa na hamu navyo, akavila kwa kuwa siku ilikuwa imefunguliwa na itafungwa usiku.

Nao uchunguzi wa waliofaulu unaelekea upande huo huo. Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, lenye maelfu ya watu waliopunguza zaidi ya kilo 13 na wakadumu hivyo kwa mwaka au zaidi. Mwaka 2004 ilitangazwa kuwa wale miongoni mwao waliokula kwa namna moja juma zima, siku za kazi na za mapumziko, walielekea zaidi kubaki na uzito wao kuliko wale waliobana siku za kazi na kulegeza mwisho wa juma. Sioni kwamba habari hii inapingana na ile ya Lisbon na Tilburg. Mlo mmoja wenye mpaka hauibadili namna ya kula ya juma. Siku nzima isiyo na mpaka huibadili, na mara nyingi huanza Ijumaa jioni ikaisha Jumapili usiku.

Yupo jirani yangu mmoja, fundi wa kushona mabuibui katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye amekuwa akipunguza mwili kwa agizo la daktari wake kwa ajili ya shinikizo la damu. Mlo wake wa kujiachia ni adhuhuri ya Ijumaa, wala hauvuki alasiri. Hujipakulia bakuli moja, akafunika sufuria, akaketi mkekani pamoja na wanawe na mama yake mkwe, akala polepole huku wakizungumza. Ukija mwaliko wa harusi Jumamosi, huiondoa Ijumaa akaila Jumamosi. Zikija harusi mbili katika juma moja, moja huihudhuria baada ya chakula kwisha kupakuliwa. Nilipomwuliza kama haoni uzito kula kwa mipaka siku ya furaha, alinijibu, "La, baba. Mimi nikijua Ijumaa iko, Jumatano sina taabu." Sijasikia kwa mtaalamu yeyote maelezo mafupi kuliko hayo ya kwa nini jambo hili hufaa linapofaa.

Yako mambo mawili zaidi ambayo mwenye kushika njia hii apaswa kuyajua. La kwanza ni mizani ya asubuhi ya pili. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na maini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na kama gramu 3 za maji. Chumvi ya karamu nayo huzuia maji mengine. Kwa hiyo mtu aweza kuamka amezidi kilo moja au mbili, naye hakuongeza mafuta hata robo ya kiasi hicho. Maji hayo hutoka yenyewe katika siku mbili au tatu. Wengi huogopa nambari ile, wakashinda njaa siku nzima ili waifute, na njaa hiyo ikaleta karamu nyingine isiyopangwa. Ni bora kujipima siku moja ile ile ya juma, kabla ya ule mlo, wala si baada yake. La pili ni kwamba njia hii si ya watu wote. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge hawezi kuamka siku moja akabadili wanga wake bila ya shauri la tabibu wake, na mwenye mimba hana kazi na ratiba hizi. Na yule ambaye akianza kula huona hawezi kusimama, akala kwa siri na kwa haraka hata akaumwa, kisha akajitapisha au akajiadhibu, huyo ana maradhi yanayotibika, na kumpa siku ya kula bila kikomo ni kumzidishia; anahitaji daktari na watu wa karibu wasiomcheka.

Tena kuna jamii. Mtu wa kwetu hali peke yake. Karamu zake hazikupangwa na yeye: kuna walima, kuna hitima, kuna maulidi, kuna ubatizo na Krismasi, kuna mgeni aliyeshuka na basi la usiku kutoka Tanga, kuna futari ambayo, baada ya kutwa ya saumu, hutandazwa vibibi, kaimati, mihogo ya nazi na uji mtamu kama kwamba siku 30 zote ni Idi, na ndiyo sababu wapo wanaotoka Ramadhani wakiwa wazito kuliko walivyoingia. Ratiba ya kigeni inayosema Jumamosi, na Jumamosi tu, haimjui mtu huyu. Kwake yeye siku ya kujiachia iliyotengwa pembeni, ya kuketi peke yake na kuku wa kukaanga ndani ya mfuko, ni karamu ya ziada juu ya karamu alizo nazo tayari. Mimi naona hana haja ya kuizua. Na atazame juma linalokuja, aone ni mlo upi ambao utamkutanisha na watu wake, auteue huo, na mingine yote aile kwa kiasi chake cha kila siku, kiasi kisichomtesa.

Hukumu yangu basi ni hii: siku nzima ya kujiachia, kwa wengi, hula faida ya juma; mlo mmoja uliopangwa, wenye mwanzo na mwisho, ulioliwa kwa kuketi na pamoja na watu, hauwezi kuivunja kazi ya mtu, na waweza kuitegemeza. Nawe uliye katika kazi hiyo, kama siku zako sita ni za dhiki kiasi kwamba waisubiri ya saba kama mfungwa, ongeza chakula katika hizo sita hata kama uzito utashuka polepole zaidi.

Lililobaki nawaelekea wenye nyumba, akina mama na akina shangazi ambao mikono yao ndiyo inayopakua. Najua kwamba kumsihi mgeni ale tena ni mapenzi, na kwamba zamani sahani iliyorudi na chakula ilikuwa aibu kwa mpishi. Lakini yuko katika mikeka yenu leo mtu aliyeambiwa na daktari apunguze, naye amekuja kwa furaha, amekula alichokipanga, amesema alhamdulillahi. Msimwambie amekonda, msimwulize kama ni mgonjwa, msimwongezee kijiko akiwa ameangalia kando. Mpeni maji, mwondoleeni sahani, muendelee na mazungumzo.